Minara miwili, kila mmoja na habari zake

Usiku mmoja, saa tano na ushee, tulikua tumepaki pembeni ya barabara ya Morogoro, katikati ya Kimara na Mbezi, mie na dereva tu, laptopu iko mapajani na simu nne za kupimia zimebanwa kwenye dashibodi. Hiyo kazi tunaita draivu testi, unazunguka na gari unapima netiweki mtaa kwa mtaa, na siku hiyo tulitumwa kufuatilia malalamiko ya wateja waliokua wanasema simu inaonyesha mistari yote ila video haiendi. Na kweli. Nguvu ya ishara kutoka mnara wa upande wa Kimara ilikua inasoma -84 (kwenye kipimo hiki, namba ikikaribia sifuri ndo ishara ina nguvu zaidi), ya mnara wa upande wa Mbezi -85, yani yote miwili inapiga vizuri kabisa, namba ambazo ukizipeleka kijijini watu watashangilia, lakini ule uwiano wa ishara na kelele, ambao ndo unaamua kasi, ulikua desibeli sifuri, yani ishara na kelele zina nguvu sawa, unashuka -1, unarudi sifuri. Maana yake ni kwamba kelele iliyokua inaua ishara ya mnara mmoja ilikua ni ishara ya mnara wa pili.

Dereva wetu ni mtu mzima, hakusomea haya mambo ila ana akili ya kuuliza. Akaniuliza, "Sasa kijana, si waongeze mnara wa tatu hapa katikati?" Nikamwambia mzee wangu, wa tatu utaongeza kelele tu. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi hiyo miwili si ishirikiane, kwani si ya kampuni moja?"

Nilimjibu inawezekana, akawasha gari tukasogea pointi nyingine. Ila lile swali halikunitoka. Nimelisomea miaka kadhaa sasa, na kila nikifika mahali naona jibu langu la usiku ule lilikua fupi mno, kwahiyo hii makala ni jibu refu kwa mzee wangu yule na kwa yeyote aliyewahi kukaa katikati ya minara miwili bando likaisha kwa kusubiri tu.

Tuanze na hii. Kwenye 4G minara jirani kwa kawaida inatumia masafa yaleyale, hakuna kugawana kama redio za FM ambapo huyu yuko 88 na yule yuko 100. Masafa ni ghali na hayatoshi, kwahiyo kila mnara unapewa yote, na watu wa mpakani ndo wanaolipa hiyo bei. Sasa wataalamu wakafikiri hivi: ishara ya jirani inaniumiza kwasababu haijui kama mie nipo, na kama ingejua nipo, na ikajua hasa mawimbi yake yanafikaje kwangu, ingeweza kupangwa ili ifike kwangu ikiwa imejifuta, au hata ifike ikinisaidia. Minara miwili inakua kama mnara mmoja wenye antena zilizotawanyika. Hili wazo liliingia rasmi kwenye viwango vya LTE, yani hiyo 4G, Release 11 ya mwaka 2012, kwa jina la CoMP (Coordinated Multi-Point, yani minara kurusha kwa kushirikiana). Kwenye karatasi ni kitu kizuri sana, kelele yote inageuka kua msaada.

Kwenye karatasi.

Kujifuta maana yake nini? Hapa ntaomba uje nyumbani kwetu kwenye dari la zege, maana hii kitu nimeielewa kwa masikio kabla ya kuielewa kwa hesabu. Chukua spika mbili zinazotoka kwenye amplifaya moja, piga sauti moja ya mluzi isiyobadilika, mie nilitumia hezi 680 ambayo wimbi lake lina urefu wa karibu nusu mita, alafu zunguka taratibu mbele ya hizo spika. Utakuta sehemu sauti inakua kubwa, na sehemu nyingine, hatua moja tu pembeni, sauti inakaribia kufa. Pale inapokufa spika zote mbili bado zinalia, ila wimbi la moja linapanda wakati la nyingine linashuka, yanafutana. Fanya nje au kwenye dari, maana ndani ya chumba mwangwi wa kuta unaharibu. Nikachora alama ya chaki pale sauti ilipokufa, nikamsimamisha mdogo wangu, akasema hasikii karibu chochote, akakaa pale dakika tano nzima na kimya hakikuhama.

Alafu nikatoa zile spika nikaweka simu mbili, kila moja na programu yake ya kutoa mluzi, hezi 680 ileile. Tukatafuta pa kimya, tukapapata, tukachora chaki. Baada ya kama dakika moja mdogo wangu akasema "mbona inarudi?" Kimya kilikua kimehama. Simu zote zimeandika 680 ila kila moja inahesabu kwa saa yake ya ndani, na saa mbili za bei rahisi hazilingani kabisa kabisa, zinapishana kwa kiasi kidogo sana, na hicho kidogo kinajikusanya mpaka wimbi la huyu na la yule yanaacha kufutana yanaanza kujumlishana. Mpaka leo nikitaka kumueleza mtu kwanini ushirikiano wa minara ni mgumu nampeleka kwenye lile dari.

Sasa hamisha hilo liende kwenye redio. Kwenye masafa ya gigahezi 2, urefu wa wimbi ni sentimita 15. Ili mawimbi mawili yenye nguvu sawa yafutane vizuri inabidi yakutane yakiwa yamepishana nusu wimbi kamili, na ukikosea pembe, yani fezi, wimbi limefika wapi kwenye mzunguko wake wa kupanda na kushuka, kwa digrii 10 tu, ufutaji wako unaishia kama desibeli 15, kelele inabaki kama moja ya thelathini. Ukikosea digrii 60 hujafuta kitu, kelele inabaki na nguvu ileile kana kwamba ni mnara mmoja tu unapiga. Ukizidi hapo unaongeza kelele, yani bora mnara wa pili ungenyamaza. Digrii 60 ni moja ya sita ya wimbi, na moja ya sita ya sentimita 15 ni sentimita 2 na nusu. Haifiki upana wa kizibo cha soda. Ukisogeza simu yako kiasi cha kizibo cha soda kuelekea mnara mmoja, huku umbali wa ule mwingine haujabadilika, hesabu yote iliyopigwa kwa ajili yako imekufa. Mtu anayetembea kwa miguu anamaliza hizo sentimita ndani ya milisekunde 18 hivi. Aliyeko kwenye daladala inayoenda kilomita 50 kwa saa anazimaliza kwa milisekunde 2 tu, hazijatimia hata.

Na hapo sijagusa saa za minara yenyewe. Viwango vinaruhusu mnara mkubwa kukosea masafa yake kwa sehemu 0.05 kwenye milioni, ambayo ni uhodari mkubwa sana ukilinganisha na simu zangu za darini, ila kwenye gigahezi 2 hiyo ni hezi 100, yani fezi inaweza kuzunguka duara zima ndani ya milisekunde 10. Kwahiyo minara inayotaka kushirikiana hivi lazima ifungwe kwenye saa moja, GPS au njia nyingine, na hata hapo mtu lazima awe anapima fezi na kusahihisha kila wakati.

Lakini saa ni tatizo la mafundi na mafundi wanalimudu. Mwaka 2012 pale MIT, chuo cha Marekani, Dina Katabi na wenzake walionyesha vifaa vya Wi-Fi vilivyokaa mbalimbali vikirusha kwa pamoja kama kifaa kimoja, na siri yao ilikua kumchagua mmoja awe kiongozi, wengine wanasikiliza ishara yake kabla ya kila kurusha, wanapima wamepishana naye kiasi gani, wanajirekebisha kwake. Kiongozi hajirekebishi kwa mtu. Hilo wazo la mmoja kutulia na wengine kumfuata lishike vizuri, maana litarudi.

Tatizo lililonikamata mie ni habari. Mnara unajuaje mawimbi yake yanafikaje kwenye simu yako? Unatuma ishara za mfano ambazo simu inazijua tayari, simu inalinganisha kilichotumwa na kilichofika, inapata picha ya njia nzima, jinsi kuta na mabati na magari yalivyoirusha na kuipunguza ile ishara. Hiyo picha ndo tunaita hali ya chaneli. Kwenye mitandao mingi simu ndo inairudisha kwa mnara, na kwa kua huwezi kurudisha namba ndefu kila milisekunde, simu inazikata hadi namba za karibu, inatuma biti chache tu. Mtafiti Nihar Jindal alionyesha mwaka 2006 kwamba kwenye mfumo wa antena nyingi ukitaka kufaidi nguvu unayoongeza, biti za mrejesho nazo lazima ziongezeke: kila ukiongeza nguvu mara mbili, mnara wenye antena 4 unahitaji biti 3 zaidi kutoka kwa kila mtumiaji. Usipoongeza, kasi inagota ukutani hata uweke umeme wote wa bwawa la Mtera.

Sasa weka minara miwili. Simu yangu imeshikwa na mnara wa Kimara, kwahiyo ripoti inaenda Kimara. Mnara wa Mbezi nao unahitaji ripoti ileile, maana nao unashiriki kurusha, kwahiyo Kimara inabidi iitume kwa njia ya nyuma, ile inayounganisha minara yenyewe, faiba kama ipo, kama haipo basi maikrowevu, yani redio ya mnara kwa mnara, inapita kwenye vifaa viwili vitatu, foleni huku foleni kule, inafika imechelewa milisekunde kadhaa, na pengine imekatwa tena biti ili isijaze njia. Hapo ndo tunapata hali ambayo nadhani watu wengi hawaifikirii: Kimara ina picha nzuri, Mbezi ina picha ya zamani kidogo na yenye ukungu, kuhusu simu ileile, kwa wakati uleule. Na kwa simu ya jirani yangu aliyeshikwa na Mbezi ni kinyume chake. Kila mnara una habari zake. Kila mnara unakosea kwa namna yake, na haujui mwenzake anaona nini.

Miaka mingi hesabu za ushirikiano ziliandikwa kana kwamba kuna bongo moja katikati inayojua yote. Au walikubali kwamba habari ina makosa, ila makosa yaleyale kwa wote. Mie niliposoma hizo karatasi za mwanzo nilikua naona kabisa kuna kitu hakijakaa, maana nilikua nimeshaishi mfano wake, na haukua wa minara.

Ilikua harusi kwetu Tanga. Mama mdogo wangu ni mpishi wa shughuli, wali wake unajulikana, na mara nyingi anafanya kazi na shoga yake ambaye ye ni wa mchuzi. Kila mmoja ana jiko lake, moja uani kwetu na jingine nyumba ya tatu, maana uwanja haukutosha. Kamati ilisema watu 300. Siku mbili kabla, upande wa bibi harusi wakaongeza, habari ikampata wa mchuzi ikiwa 450, mama mdogo haikumfika, ye akabaki na 300 zake. Watu waliokuja walikua kama 400. Kila mmoja alipika vizuri kabisa kwa namba aliyokua nayo, hakuna aliyezembea, na chakula kiliharibika. Wali uliisha watu wa mkeka wa nyuma hawajapata, mchuzi ukabaki sufuria nzima. Mama mdogo alikaa kwenye kigoda jikoni hataki kutoka nje, na mie nilikua nabeba sinia nikasikia akisema kwa sauti ya chini, "Bora tungekosea wote." Akimaanisha wote wangesikia 300, sahani zingekua ndogo kidogo ila kila sahani ingekua na wali na mchuzi wake.

Ile sentensi naiheshimu kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Makosa ya pamoja yanavumilika kwasababu uwiano unabaki. Makosa ya kila mtu na lake yanavunja uwiano, na kwenye kufuta mawimbi uwiano ndo kila kitu.

Wasomi wa uamuzi walilijua hili zamani. Roy Radner aliandika mwaka 1962 kuhusu timu, watu wenye lengo moja ila kila mmoja anaona kipande chake tofauti na lazima aamue bila kuwauliza wenzake. Hakuna ubinafsi, hakuna anayemhujumu mwenzake, na bado ni ngumu. Alafu mwaka 1968 Hans Witsenhausen akatoa tatizo dogo sana, waamuzi wawili tu, kila kitu kiko rahisi iwezekanavyo, mfumo wa mstari mnyoofu na kelele ya kawaida, aina ya tatizo ambalo kama bongo ni moja mwanafunzi wa mwaka wa tatu analimaliza. Watu walitegemea jibu nalo litakua la mstari mnyoofu. Akaonyesha hapana, kuna njia zilizopinda zinazolishinda jibu bora kabisa la mstari. Na jibu lililo bora kuliko yote halijapatikana mpaka leo. Waamuzi wawili tu. Nikiwaza hivyo alafu nawaza minara yote kuanzia Ubungo mpaka Kibaha nashika kichwa.

Waliolileta hili kwenye minara kwa namna niliyoielewa vizuri ni David Gesbert na Paul de Kerret, walikua EURECOM, chuo kilichoko Sophia Antipolis kusini mwa Ufaransa. Kwenye kazi yao iliyotoka 2012 waliuliza swali lilelile la mzee wangu dereva ila kwa uaminifu zaidi: tukikubali kwamba kila mnara una picha yake, yenye ubora wake, faida ya ushirikiano inabaki kiasi gani? Jibu la kwanza linaumiza. Ukitumia njia ya kawaida ya kufuta, kila mnara ukapiga hesabu kwa picha yake kana kwamba wenzake wote wanaona hivyohivyo, basi kasi ya mfumo inaamuliwa na picha mbaya kuliko zote. Mnara mmoja wenye habari mbovu unawashusha wote, pamoja na wale wenye habari safi.

Ntaonyesha kwa namba ndogo. Tuseme tunataka kumkinga Juma asipigwe na ishara isiyo yake. Kutoka mnara wa kwanza njia ya kwenda kwa Juma ina nguvu 1, kutoka wa pili ina 0.8 (kiuhalisia kuna fezi pia, tuiache). Kanuni ya kufuta inasema kila mnara urushe kwa kipimo cha njia ya mwenzake, mmoja chanya mmoja hasi: wa kwanza unarusha 0.8, wa pili unarusha -1. Kwa Juma inafika 0.8 mara 1, toa 1 mara 0.8, jibu sifuri, Juma yuko salama. Sasa mnara wa kwanza una habari mbovu, unadhani njia ya mwenzake ni 0.5. Unarusha 0.5. Wa pili unajua ukweli, unarusha -1 yake kama kawaida. Kwa Juma inafika 0.5 toa 0.8, ambayo ni -0.3. Imevuja. Na angalia huyo wa pili: ulijua kila kitu, haukukosea hata kidogo, ila ulimtegemea mwenzake afanye kitu ambacho hakukifanya.

Dawa waliyoitoa ni ya unyenyekevu, na ndo iliyonifanya nikae chini niandike. Mnara wenye habari mbovu uache kuhesabu. Urushe kipimo kilichowekwa tangu mwanzo, tuseme 1, kila siku 1, usijaribu kukisia chochote. Ule wenye habari nzuri, kwa kua unajua mwenzake atarusha 1 hakika, unajipanga juu yake: unarusha -1.25. Kwa Juma inafika 1 mara 1, toa 1.25 mara 0.8, sifuri. Mnara wa kwanza haujui kitu kuhusu Juma na Juma yuko salama. Wao wanauita wa kwanza mkimya na wa pili mtendaji, na walionyesha kwamba kwa minara miwili kinachoamua kasi sasa ni picha iliyo bora, ile mbovu haina tena uwezo wa kuharibu. Kuna gharama, huyo mtendaji kuna wakati anahitaji nguvu nyingi kuliko alizonazo na lazima awekewe kikomo, na minara ikiwa mingi mambo yanakua magumu zaidi, lakini mabadiliko yenyewe ni makubwa.

Nilipofika kwenye huo ukurasa nilicheka peke yangu kwa furaha, maana shughuli iliyofuata baada ya ile harusi mama mdogo alifanya hivyohivyo. Alimwambia shoga yake, mie nimesimama pale, "Mie sufuria zangu ni tatu, kila moja kilo ishirini. Sipunguzi, siongezi, hata waje kunambia nini. We uliye karibu na kamati ndo uangalie watu, unipimie mchuzi kwa sufuria zangu." Hakusema anajua idadi. Alisema hasa kwamba haijui, na akaufanya kutokujua kwake kuwe kitu ambacho mwenzake anaweza kukitegemea. Wali ukiwa umejulikana, wa mchuzi anajua sahani ngapi zitatoka kwa watu hao na kila sahani itahitaji kiasi gani. Shughuli ilipita vizuri.

Nna mtazamo wangu hapa na nausema wazi. Ukienda kwenye vikao vya wahandisi, tatizo la habari likitajwa jibu la haraka ni faiba: fikisha faiba kila mnara, weka bongo moja katikati, imeisha. Na mahali faiba ipo ni sawa, fanyeni. Lakini minara yetu mingi inaunganishwa kwa maikrowevu inayorukia kilima hadi kilima, na itabaki hivyo miaka mingi, na hata faiba yenyewe haiwezi kuzuia daladala isisogee. Mwanga unasafiri sentimita 30 kwa nanosekunde, hilo halibadilishwi na bajeti. Kwahiyo mbinu zinazokubali tangu mwanzo kwamba kila mnara utakua na habari zake ndo mbinu zetu hasa, ni za nchi kama hizi kuliko za Ufaransa zilikoandikiwa, na inanisikitisha kwamba vijana wetu vyuoni wengi wanafundishwa ile hesabu ya bongo moja tu, wanaitimiza vizuri sana, alafu wanakuja kazini wanakuta dunia haiko hivyo. Siku hizi watafiti wanaongelea mitandao isiyo na mipaka ya seli, yani isiyogawa mtaa kua eneo la mnara huu na la ule, antena ndogondogo nyingi zimetapakaa mtaa mzima zote zinakuhudumia kwa pamoja. Antena zikiwa nyingi hivyo habari hazitalingana kamwe. Swali la nani ahesabu na nani atulie litakua kubwa zaidi.

Mwezi uliopita nilirudi Tanga nikawaambia wadogo zangu twende darini tena. Simu mbili, hezi 680, chaki. Safari hii binamu yangu alikaa kwenye simu ya kushoto, mie ya kulia, mdogo wangu kasimama kwenye alama. Sheria ilikua hivi: akisikia mluzi unarudi anapaza sauti, na sie tunasogeza simu kidogo mbele au nyuma mpaka sauti ife tena, maana kusogeza simu sentimita kadhaa ni sawa na kusahihisha fezi. Mara ya kwanza tulisogeza wote wawili. Akipaza sauti mie nasogeza, na binamu anasogeza, kila mmoja anajitahidi kwa nia nzuri kabisa, kila mmoja anarekebisha kosa zima kana kwamba mwenzake hafanyi kitu. Mluzi ulikua unapanda na kushuka kama king'ora. Dakika kumi tumefukuzana, mdogo wangu ameanza kulalamika miguu.

Nikamwambia binamu, we iache, toa mkono kabisa, kaa. Akakaa ukutani. Nikabaki mie tu, kidole kimoja juu ya simu ya kulia, nasukuma kidogo, nasubiri.

"Unasikia?"

"Bado. Bado... inapungua... rudisha kidogo. Hapo."

Ikawa inahama taratibu kama kawaida yake, na kila ikihama namfuata nusu kidole, nusu kidole, na mdogo wangu kasimama pale kwenye chaki anatikisa kichwa kwamba hasikii, mpaka adhana ya magharibi ikaanza tukazima simu.